Kiti cha gari cha mtoto mchanga: namna ya kupata kilicho salama bila kumaliza akiba

Kiti chetu cha kwanza nilikichagua kwa rangi. Nilizunguka dukani saa nzima nikipapasa vitambaa, nikalipa, nikarudi nyumbani kifua mbele. Nilipokwenda kukifunga nikagundua kwamba mkanda wa nyuma wa gari letu ni mfupi: ukiuzungusha kwenye kiti cha mtoto, ulimi wake haufiki kwenye kifungio. Kesho yake nilikirudisha. Tangu hapo nimewasaidia ndugu na majirani kadhaa kununua na kufunga viti, na makosa mengi ninayoyakuta yana asili hiyohiyo. Mzazi ameanza na sura ya kiti au na bei, halafu gari na mtoto vikafikiriwa mwishoni. Hapa tutakwenda kinyume: gari, mtoto, lebo, na bei baadaye.

Kabla ya yote: kwa nini si mikononi, na kwa nini atazame nyuma

Bado wapo wanaoamini kwamba mtoto mchanga hana mahali salama kuliko kifuani mwa mama yake. Nyumbani, sawa. Ndani ya gari, tupige hesabu. Gari lililo kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa likigonga ukuta, na sehemu yake ya mbele ikabonyea nusu mita, kila kilichofungwa ndani yake husimamishwa kwa nguvu inayokaribia mara 20 ya uzito wake. Mtoto wa kilo 6 anageuka mzigo wa kilo 120, na yote yanatokea chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hakuna mikono inayoweza kumshika. Mzazi akijifunga mkanda mmoja pamoja na mtoto ni hatari zaidi, kwa sababu uzito wa mtu mzima unamkandamiza mtoto kwenye mkanda.

Sasa upande wa kutazama. Ninaposema mtoto "anatazama nyuma" nina maana kwamba mgongo wake uko upande wa dereva na uso wake unaelekea buti. Kichwa cha mtoto anapozaliwa ni karibu robo ya urefu wake wote, na mifupa ya shingo yake kwa sehemu kubwa bado ni gegedu. Akitazama mbele gari likasimama ghafla, mikanda itayashika mabega lakini kichwa kitaendelea na safari, kikiivuta shingo. Akitazama nyuma, gamba la kiti, yaani mwili wake mgumu wa plastiki, hupokea kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja, na nguvu husambaa. Wazo hili si jipya: mwanzoni mwa miaka ya 1960 Bertil Aldman wa Uswidi alitengeneza kiti cha mfano cha kutazama nyuma baada ya kuona jinsi wanaanga walivyolazwa chali ili migongo yao ipokee msukumo wa roketi.

Kwa hiyo kwa mtoto mchanga hakuna mjadala: anatazama nyuma, katika kila safari, hata ya dakika tano.

Hatua ya 1: Lijue gari lako

Nenda kwenye gari ukiwa na karatasi, kabla hujafungua ukurasa wowote wa matangazo.

Ingiza vidole kwenye ufa kati ya sehemu ya kukalia na ya kuegemea ya kiti cha nyuma. Ukigusa vyuma viwili vilivyopinda kama vishikio vidogo, hiyo ndiyo Isofix, mahali pa kupachikia kiti cha mtoto bila kutumia mkanda wa gari, au LATCH kama wanavyoiita Marekani. Marekani iliyalazimisha magari mapya kuwa nayo kuanzia Septemba 2002. Umoja wa Ulaya ulikamilisha kwa magari yote mapya mwishoni mwa 2014. Gari la zamani zaidi huenda halina. Usihuzunike wala usibadilishe gari. Kiti kilichofungwa vizuri kwa mkanda wa kawaida kinalinda vilevile. Faida kubwa ya Isofix ni kwamba ni vigumu zaidi kuikosea.

Halafu tazama mikanda. Je, ni ya kupita kiunoni na begani, au ya kiunoni tu? Viti vingi vya watoto wachanga vinahitaji mkanda wa kiuno na bega. Vichache vinakubali wa kiuno peke yake, na kijitabu cha maelekezo husema wazi. Vuta mkanda wote utoke, uone urefu wake. Mkanda mfupi ndio ulionirudisha dukani.

Wenye magari yaliyoagizwa kutoka nje wana jambo la ziada. Kiti kilichotengenezwa kwa soko la Marekani mara nyingi hutegemea mkanda unaojikaza: magari yanayouzwa huko tangu toleo la 1996 yana mikanda ya abiria inayoweza kukazwa ikabaki imekaza, mara nyingi kwa kuivuta yote hadi mwisho kisha kuiachia irudi. Gari lililotengenezwa kwa soko jingine huenda halina utaratibu huo, na mkanda ukabaki ukilegea na kujirudisha unavyotaka. Hapo tafuta kiti chenye kibanio chake cha mkanda, au kiti cha Ulaya ambacho sehemu ya bega ya mkanda huzungushwa nyuma ya gamba.

Kagua pia sakafu. Viti vingine vina mguu unaoshuka hadi chini kutoka kwenye kitako, yaani msingi ambao kiti hupachikwa juu yake. Kama chini ya miguu ya abiria wa nyuma gari lako lina kisanduku cha kuwekea vitu, mfuniko wake unaweza kuvunjika wakati wa ajali, na watengenezaji wengi hawaruhusu mguu usimame hapo.

Mwisho, amua mahali. Katikati ya kiti cha nyuma ni mbali na milango yote miwili, hivyo ni pazuri endapo kuna mkanda unaofaa na sehemu yenyewe si kibonge kinachoyumbisha kiti. Isipofaa, chagua upande ambao utamwingiza na kumtoa mtoto bila kusimama mahali magari yanapopita. Kiti cha mbele ni chaguo la mwisho kabisa, na kamwe usiweke kiti cha kutazama nyuma mbele ya mfuko wa hewa ambao haujazimwa. Mfuko huo hufumuka kwa kasi ya kutisha na kupiga mgongo wa kiti pale pale kilipo kichwa cha mtoto. Katika mwongozo wote huu, kama utakumbuka sentensi moja, iwe hiyo.

Hatua ya 2: Chagua aina ya kiti, kwa maana hapa ndipo pesa inapookolewa

Kuna aina mbili.

Ya kwanza ni kiti cha kubebea, chenye mpini juu kama kikapu. Hutumika tangu kuzaliwa hadi kilo 13 hivi, ila watoto wengi hukiacha mapema kwa sababu ya urefu, kwenye mwaka wa kwanza au kabla. Raha yake ni kwamba mtoto aliyelala unamtoa na kiti chake bila kumwamsha, na baadhi hupachikwa kwenye kigari cha kusukuma.

Ya pili ni kiti cha kugeuzwa. Kinabaki garini. Mtoto anaanza akitazama nyuma, na vingi vinamruhusu abaki hivyo hadi kilo 18 au zaidi, kisha kinageuzwa atazame mbele. Dukani kinaonekana ghali kuliko cha kubebea. Lakini gawa bei kwa miezi ya matumizi. Cha kubebea utakitumia miezi 12 hivi, kisha utanunua cha pili. Cha kugeuzwa kinaweza kukufikisha miaka minne. Kwa familia yenye gari moja na mfuko mwembamba, mimi hushauri cha kugeuzwa bila kusita.

Sharti moja tu: kihakikishe kinamfaa mtoto aliyezaliwa juzi, si mtoto wa miezi sita. Angalia uzito wa kuanzia ulioandikwa, kisha angalia tundu la chini kabisa la mikanda ya ndani. Kwa anayetazama nyuma, mikanda itokee usawa wa mabega au chini yake kidogo. Viti vingine vinajitangaza "tangu kuzaliwa" huku tundu la chini likiwa usawa wa masikio ya kichanga.

Ukipanda teksi mara kwa mara, au mtoto akichukuliwa leo na gari la bibi na kesho la shangazi, kiti cha kubebea kinachofungika kwa mkanda bila kitako ndicho chako. Kitako chenyewe huuzwa peke yake na huongeza gharama sana. Kinarahisisha kazi, lakini kama kijitabu kinaruhusu kufunga bila kitako, unaweza kuishi bila hicho.

Je, bei kubwa inanunua nini? Mara nyingi kiti kinachozunguka, wepesi, kitambaa kizuri, kivuli kikubwa. Kiti cha bei ya chini kabisa chenye kibali halali kimepita jaribio lilelile la kisheria. Si kwamba vyote ni sawa: taasisi kama ADAC ya Ujerumani huvigonga viti kwa ukali kuliko sheria inavyodai na kutangaza alama zake, na si mara moja kiti cha bei ya kati kimekishinda cha bei ya juu. Tafuta matokeo hayo kabla ya kununua. Ila nyota ambazo viti hupewa zisome kwa uangalifu. Zile za NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, hupima urahisi wa kutumia kiti, hazipimi nguvu yake kwenye ajali, na wauzaji hawana haraka ya kukueleza hilo.

Hatua ya 3: Soma lebo kama unavyosoma hati ya kiwanja

Kiti cha Ulaya kina lebo ya rangi ya machungwa yenye herufi E ndani ya duara na nambari pembeni yake. Nambari hiyo ni ya nchi iliyotoa kibali (1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 11 Uingereza), haina uhusiano na ubora. Kwenye lebo utakuta R44 au R129.

R44 ni kanuni ya zamani inayopanga viti kwa uzito: kundi 0 hadi kilo 10, 0+ hadi kilo 13, na kuendelea. Nambari yake ya kibali ianze na 03 au 04; chini ya hapo ni kiti cha kale, kiache. R129, iliyoanza 2013 na ambayo sehemu yake hujulikana kama i-Size, hupanga kwa urefu wa mtoto, imeongeza jaribio la kugongwa ubavuni, na humtaka mtoto atazame nyuma hadi avuke miezi 15. Tangu Septemba 2024 viti vipya vya R44 havitakiwi kuuzwa katika Umoja wa Ulaya, ingawa anayemiliki kimoja anaruhusiwa kuendelea kukitumia. Ndiyo maana unaweza kuviona kwa bei ya kutupa kwingineko. Si vibaya kwa hilo tu, lakini bei zikikaribiana chukua R129.

Kiti cha Marekani hubeba maandishi yanayosema kinatimiza viwango vya shirikisho, yaani FMVSS 213. Cha Australia na New Zealand kina AS/NZS 1754. Lebo ya nchi moja si lazima ikubalike kisheria katika nchi nyingine, kwa hiyo jua sheria ya unakoendesha.

Kisha kuna vile "viti" vya mtandaoni: sponji, kitambaa, na mikanda michache ya kufungia kwenye kiti cha gari. Havina gamba, havina lebo, na picha yake daima ina mtoto anayecheka. Hata ukipewa bure, usivichukue.

Hatua ya 4: Mtumba, ukiwa huna budi

Sina dharau kwa kiti kilichotumika. Mtoto wetu wa pili alikalia cha binamu yake. Lakini nilimjua mwenye kiti, nililijua gari, na nilijua hakijawahi kupata ajali. Kama huwezi kupata majibu hayo kutoka kwa mtu unayemwamini, nunua kipya cha bei ya chini kuliko cha kifahari kisicho na historia. Ufa wa plastiki unaweza kujificha chini ya kitambaa, na muuzaji anaweza hata asiujue.

Kipindue kiti. Tarehe ya kutengenezwa huwa kwenye stika au imechongwa kwenye plastiki, mara nyingi chini au mgongoni. Watengenezaji wengi huweka ukomo wa miaka 6 hadi 10, kwa sababu joto na baridi ya garini huichosha plastiki, na pia vipuri hutoweka. Vua kitambaa chote uone gamba na foamu iliyo chini yake. Vuta mikanda ya ndani urefu wote, ukitafuta nyuzi zilizokatika au sehemu zilizokauka. Funga na kufungua kifungio mara kumi. Chukua jina la toleo na nambari yake, ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji, uone kama kimewahi kutakiwa kirudishwe kwa kasoro; kijitabu cha maelekezo pia utakikuta huko.

Na ajali ndogo je? NHTSA huruhusu kiti kiendelee kutumika endapo mambo yote haya ni kweli: gari liliweza kuendeshwa kutoka eneo la ajali, mlango ulio karibu na kiti haukuharibika, hakuna abiria aliyeumia, hakuna mfuko wa hewa uliofumuka, na kiti hakina uharibifu unaoonekana. Likikosekana moja, kiti kimekwisha kazi. Baadhi ya watengenezaji ni wakali zaidi na hutaka kibadilishwe baada ya ajali yoyote. Neno lao ndilo la kufuata.

Hatua ya 5: Kijaribu garini kabla ya kulipa

Omba kiti cha maonyesho ukipeleke kwenye gari. Duka likikataa, ulizia masharti ya kurudisha na yaandikwe kwenye risiti. Ukishakiweka, rudisha kiti cha dereva mahali pake pa kawaida, ukae, ushike usukani. Viti vya kutazama nyuma hula nafasi, na dereva mrefu aliyebanwa magoti kwenye dashibodi atakuja kukihamisha kiti wiki ya pili.

Hatua ya 6: Funga kiti

Soma vijitabu viwili, cha kiti na cha gari. Ndiyo, vyote viwili.

Pitisha mkanda kwenye njia iliyowekewa alama kwa kutazama nyuma. Kwenye viti vingi vya Ulaya alama hizo ni za bluu. Ukiisha kuupitisha, kandamiza kiti kwa mkono mmoja huku ukivuta ulegevu kwa mwingine. Kisha shika kiti pale mkanda au Isofix inapopita, ukitikise kwa nguvu ya mkono wa salamu. Kisisogee zaidi ya sentimita 2.5 kushoto, kulia, au kuelekea mbele. Usikitikise kwa juu: pale kitacheza kidogo hata kikifungwa sawasawa, na watu wengi hukata tamaa bure kwa ajili hiyo.

Mlalo una uzito kuliko wengi wanavyodhani. Kiti kikisimama sana, kichwa kizito cha kichanga huanguka kifuani na kubana njia ya hewa. Kiti kina mstari au kipovu cha kuonyesha mlalo sahihi. Kisome gari likiwa kwenye ardhi tambarare. Kijitabu kitakwambia pia mpini wa kiti cha kubebea ubaki wapi garini, maana watengenezaji hawakubaliani.

Hatua ya 7: Mfunge mtoto

Makalio na mgongo viguse kiti. Mikanda itokee usawa wa mabega au chini kidogo, isijisokote. Kaza, kisha jaribu kuubana mkanda kwa vidole viwili juu ya bega kama unayefinya. Ukipata mkunjo wa kushika, bado umelegea. Kiti chenye klipu ya kifuani, iweke usawa wa makwapa. Viti vingi vya Ulaya havina klipu hiyo, na si kasoro.

Nguo nene ni adui wa kimya. Koti zito hujaa hewa ambayo ajali huikamua yote kwa mara moja, na mkanda uliodhani umekaza unabaki umelegea juu ya mtoto. Mvike nguo nyepesi, mfunge, kisha mfunike blanketi juu ya mikanda. Mito ya kichwa na vitambaa vya mabega vinavyouzwa peke yake viache. Tumia vile tu vilivyokuja na kiti au ambavyo mtengenezaji amevikubali. Kichwa kikiyumba pembeni, vitaulo viwili vidogo vilivyoviringishwa, kimoja kila upande, kwa kawaida vinatosha. Usiweke kitu chini ya mtoto wala nyuma yake.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au mwenye uzito mdogo ni suala la daktari kwanza. Hospitali nyingine humkalisha kwenye kiti chake na kupima pumzi na mapigo ya moyo kabla ya kumruhusu kwenda nyumbani. Uliza kuhusu kipimo hicho hata kama hawakukitaja.

Hatua ya 8: Maisha ya kila siku na kiti

Kiti cha gari si kitanda. Safari ikizidi saa mbili simama, mtoe mtoto, mnyooshe. Kwa kichanga wa wiki za kwanza, pumzika mapema zaidi ya hapo. Mkifika, mlaze chali mahali tambarare hata kama utamwamsha. Na usikiweke kiti juu ya meza au kochi naye akiwa ndani. Mtoto akijinyonganyonga kinaweza kupinduka.

Kiti kilichoachwa juani, gusa vyuma vya kifungio kwa mkono wako kabla hujamweka mtoto. Kitambaa kifuliwe kama lebo inavyosema, lakini mikanda ya ndani ifutwe tu kwa kitambaa chenye maji na sabuni laini. Kuitia kwenye mashine au dawa ya kung'arisha kunadhoofisha nyuzi.

Mtoto atakiacha kiti cha kutazama nyuma anapofikia kikomo chochote kimoja: uzito, urefu, au kichwa kukaribia ukingo wa juu wa gamba kwa kipimo kilichotajwa kwenye kijitabu. Miguu kukunjwa si kikomo. Watoto hukaa wamekunja miguu siku nzima kwa hiari yao, na babu atakayekwambia "mgeuze, anateseka" mjibu kwa heshima, usimgeuze.

Kiti kikipitisha tarehe yake, usikiache kizima kando ya pipa la taka. Kata mikanda yote kwa mkasi na uandike kwenye gamba, kwa kalamu nene, kwamba hakifai tena, asije mzazi mwingine akakiokota usiku.